Flai za trauti zanifumuka mkononi, nakosea wapi?

mshipi_malindi
Asalaam aleikum wadau. Mimi mtu wa boti hapa Malindi, chambo za manyoya za kurambaza sulisuli na nguru nafunga hata usiku bila taa. Sasa shemeji yangu yuko Nyeri kaniita mwezi ujao twende mtoni tukavue trauti, wale samaki wa maji baridi, na kuna mgeni aliwahi kuniachia kijiriwa kidogo na pakiti ya ndoana namba 12, nikaona wacha nifunge flai zangu mwenyewe, yaani vile vijidudu bandia vya manyoya vya kumhadaa samaki. Loh! Ndoana yenyewe kama ukucha wa mtoto. Nimefunga kama kumi na zote zafanana na mende aliyekanyagwa. Manyoya yazunguka kwenye chuma, nikikaza uzi wakatika, nikimaliza naona tundu limeziba mshipi haupiti. Uzi ni wa cherehani, manyoya nimemng'oa kuchi wa mjomba (hajajua bado). Nakosea wapi?

kofia_ya_vito
Yakhe, uzi wa cherehani mnene huo, kwenye namba 12 mizunguko michache tu ushajaa. Mimi niko Lamu nashona kofia, natumia uzi wa hariri, nauchambua natoa ule unywele mmoja mmoja ndio nafungia. Na mkono wako wa baharini upunguze, hapo hufungi ndoana ya papa, ukaze mpaka uzi ukaribie kukatika halafu ulegeze kidogo.

Manyoya yazunguka kwa sababu umeyafunga juu ya chuma kitupu. Anza na uzi peke yake, ushike nyuma ya tundu halafu uzungushe kwa kubananisha ukirudi nyuma mpaka pale ndoana inapoanza kupinda, ndio baadaye unaweka mkia, mwili, manyoya. Na mbele pale acha nafasi kama upana wa tundu lenyewe, usiiguse kabisa mpaka wakati wa fundo la mwisho. Hilo tundu kuziba sote tumepitia, mimi zangu za kwanza nilikuwa nazitoboa kwa sindano huku natukana.

mstaafu_wa_mlimani
Mwanangu hapo juu umeambiwa vyema, mimi niongeze la manyoya. Nimefanya kazi hoteli za bara miaka mingi nimeona wageni wakifunga. Unyoya wa shingo ya jogoo ni mgumu, wafaa flai ya kuelea. Ukitaka ya kuzama chukua wa kuku jike, ni laini na maji yauchezesha. Kabla hujafunga, upinde unyoya kando ya ndoana uangalie, zile nywele zake zisizidi mara mbili ya uwazi wa ndoana. Yale malaika ya chini toa yote. Na mizunguko miwili mitatu ya unyoya yatosha, nyinyi wa boti mwapenda kujaza kama ufagio.

Maji ya kule ni baridi na meupe, samaki akuona na flai aiona. Si samaki wa asili hata, wazungu ndio waliowaleta, mayai yalitoka Loch Leven kule Scotland mwaka 1905 mlowezi mmoja, Grogan, akayapeleka mto Gura, milima ya Aberdare. Muulize shemeji mambo ya leseni mapema, na mnyoo acheni nyumbani, sehemu nyingi hawataki.

mshipi_malindi
Shukran wazee. Sasa fundo la mwisho ndilo lanitoa jasho, vidole vyangu vinene, nikiachia tu lote lafumuka.

kofia_ya_vito
Chukua bairo iliyokwisha, toa mrija na ncha ubaki na ganda. Uzi uzungushe mara moja kwenye mdomo wa ganda ufanye kitanzi, mdomo uuvalishe kwenye tundu la ndoana, kisha usukume kitanzi kiteleze kiingie kichwani mwa flai, vuta. Rudia mara tatu. Malizia kyutekisi isiyo na rangi, tone moja kwa ncha ya sindano, sio kwa brashi yake utaziba tundu tena.

mshipi_malindi
Wallahi bairo imefanya kazi! Nimefunga nne nyeusi, nimezivuta kwa meno hazikutoka, moja nimeitia kwenye ndoo ya maji yakaa vizuri tu. Ila mjomba leo asubuhi kamshika kuchi wake amgeuzageuza, auliza huyu ana ugonjwa gani shingoni. Nimemwambia labda ni joto.

mstaafu_wa_mlimani
Wewe mtoto okota yanayoanguka bandani, mwache jogoo wa watu.