Nasoma mpaka usiku wa manane, darasani kichwa cheupe. Nijiondoe?

Kitabu_Jioni: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 41, mchana nipo kazini, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku nasoma uhasibu. Sijakaa darasani zaidi ya miaka 20. Kila usiku nasoma mpaka saa 7, napigia mistari karibu kila ukurasa, asubuhi sikumbuki kitu. Jaribio la kwanza nimefeli. Umri bado unaruhusu, au nijiondoe kwa heshima?

Mama_Wawili: Usithubutu! Mimi nilirudi shule na mtoto wa miezi 4. Nanyonyesha, kitabu nimekiegemeza kwenye mto, nikisinzia kinaniangukia usoni. Nilimaliza.

Nahodha77: Zima simu, omba Mungu, acha visingizio.

Fundi_Daftari: Umri hauna kosa hapo. Ukirudia kusoma ulichopigia mistari, macho yanayazoea maneno, unadhani umeelewa. Funga kitabu, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, ndipo ufungue ujisahihishe. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima hili Marekani, 2006. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, baada ya wiki waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Rudia kesho, kisha baada ya siku 3, kisha wiki. Na ulale, ndugu yangu. Usingizi ndio unaohifadhi ulichosoma.

Kitabu_Jioni: Asante Fundi. Ila kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki sikuelewa tangu mwanzo. Nitajipima nini?

Fundi_Daftari: Mwalimu alisemaje ulipomuuliza?

Kitabu_Jioni: Muda haukutosha.

Fundi_Daftari: Vipindi vyote hivyo?

Kitabu_Jioni: Basi niseme. Dawati la pili anakaa kijana ambaye kazini mimi ndiye msimamizi wake. Jaribio lile yeye kapata 84. Nikinyoosha mkono kuuliza kitu cha mwanzo kabisa, kesho nitamwelekeza kwa uso gani? Barua ya kujiondoa nimeshaiandika. Msiniite mwoga, nalinda heshima ya kazi.

Nahodha77: Heshima gani ya kufeli kimyakimya?

JichoKali: Wakuu, tunanyweshwa chai. Darasa linaanza saa 12, uzi kaufungua 12:35, sasa ni saa 1 na bado anajibu. Mwanafunzi gani huyu?

Nahodha77: Duh, kweli! Mods, futeni uzi.

Kitabu_Jioni: Si chai. Nimekaa kwenye ngazi, nje ya darasa. Nilifika, nikamwona ameshakaa, miguu ikanirudisha. Barua iko kwenye begi. Hapa namsikia mwalimu anaeleza uchakavu wa mali, chaki inagonga ubao.

Fundi_Daftari: Mimi namwamini. Nijibu hili: huyo kijana akikuuliza jambo kazini, unamdharau?

Kitabu_Jioni: Hapana. Anauliza mpaka aelewe, kazi yake hairudiwi. Mimi ndiye niliyempendekeza aongezewe majukumu.

Fundi_Daftari: Sasa andika swali moja kwenye karatasi. Moja tu, lile lililokuangusha.

Kitabu_Jioni: Hundi niliyomwandikia mtu, naye bado hajaipeleka benki. Inaingia upande gani?

Mama_Wawili: Ipunguze kwenye salio la taarifa ya benki, mdogo wangu. Kwenye daftari lako uliitoa siku ile ile uliyoandika hundi, benki ndiyo haijaitoa. Nimekaa dirishani benki miaka 15, na hilo mwanzo lilinitoa machozi.

Kitabu_Jioni: Kumbe! Mimi niliipunguza kwenye daftari tena, ndiyo maana hesabu ikakataa.

JichoKali: Haya, mtunzi wa chai hawezi kukosea hivyo. Nimefuta usemi wangu. Ingia, bado nusu saa.

Mama_Wawili: Umeingia?

Kitabu_Jioni: Wametoka mapumziko ya dakika 5. Ameniona. Anakuja na daftari lake, anasema, "Shikamoo bosi, nimekuandikia ulichokosa." Naweka simu.