Ndoo ya Newton: inathibitisha kweli kwamba nafasi ipo yenyewe?

Muulizaji
Wakuu, naomba ufafanuzi. Newton (1687) anadai maji yakizunguka ndooni yanaonyesha kuwa nafasi ipo yenyewe, vitu viwepo visiwepo. Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani wa zama zake, anasema nafasi ni mpangilio wa vitu tu, na wakati ni mfuatano wa matukio. Kwangu, maji yanabonyea katikati kwa kuwa yanazunguka kulinganisha na ndoo, basi Leibniz kashinda. Nakosea wapi?

Jibu 1
Hapo kwenye "kulinganisha na ndoo". Chukua ndoo yenye kipenyo cha sentimita 30, maji nusu, ining'inize kwa kamba ndefu iliyofungwa katikati ya utambo. Isokote mpaka kamba ikaze, ishikilie maji yatulie kabisa (wengi huharibu hapa: wanaachia maji yakiwa bado yanacheza), kisha iachie bila kuisukuma, isiyumbe.

Mwanzoni ndoo inazunguka, maji bado. Tofauti ya mwendo ni kubwa kabisa, lakini uso wa maji ni bapa! Kuta zinayavuta maji polepole hadi yaende sawa na ndoo; tofauti imekwisha, na ndipo yanabonyea. Kwa mzunguko mmoja kila sekunde, maji ya kingoni yanasimama juu ya yale ya katikati kwa kama sentimita 4.5. Idake ndoo ghafla: imesimama, maji bado yamebonyea. Ndoo haihusiki.

Jibu 2
Sawa kabisa, ila kuiondoa ndoo si kuziondoa nyota. Ndiyo hoja ya mwanafizikia Ernst Mach (1883): maji yanazunguka kulinganisha na nyota, na hakuna ajuaye yangefanya nini kama kuta za ndoo zingekuwa nene kwa kilomita kadhaa.

Leibniz naye, katika barua zake kwa Clarke, mtetezi wa Newton (1715–1716), ana nguvu kwenye mahali: sogeza ulimwengu wote hatua tano mashariki, hakuna kitakachobadilika, kwa hiyo hizo hatua tano si kitu. Kwenye mzunguko hoja hiyo inakwama, maana mzunguko unaacha alama majini. Katika barua ya tano anakubali kuwa kuna mwendo wa kweli wa kitu chenyewe, na hapo msimamo wake unayumba.

Jibu 3
Newton pia alidai zaidi ya alichoonyesha. Ndoo inahitaji tu kigezo cha kupimia kuzunguka na kuongeza kasi. Haihitaji "mahali penyewe", wala kutulia kwenyewe: ipandishe kwenye treni inayokwenda mwendo mmoja kwenye reli iliyonyooka, maji yatabonyea vilevile.