Nyumba "ya baraka" au "ya Baraka"? Naomba ushauri

Kalamu Fupi: Wakuu, sijalala. Marehemu baba aliacha barua ya mkono, na ndugu zangu wameniomba niichape kwenye kompyuta ili kila mmoja apate nakala. Kuna mstari: nyumba ibaki ya baraka, msiiuze. Je, b ndogo au kubwa? Kikao ni Jumamosi.

Bibi Nukta: Yeye mwenyewe aliandikaje? Nakili hivyo hivyo.

Mzee wa Imla: Herufi kubwa si pambo, kijana. Moshi ni mji, moshi ni wa kuni. Tanga ni mji, tanga ni la jahazi. Zamani Kiswahili kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu kesi hii isingekuwepo, maana hati ile haina kubwa wala ndogo. Mimi ujanani niliandika "nitaoa nikipata subira", kaka yake Subira akanijia na fimbo.

Chokochoko: 😂 Ulimpata lakini?

Bibi Nukta: Mzee, tulia kwanza. Mleta uzi, nimekuuliza.

Kalamu Fupi: Yote kwa herufi kubwa. NYUMBA IBAKI YA BARAKA. Hata salamu aliandika hivyo.

Chokochoko: Na hapo kwenu nani anaitwa Baraka?

Kalamu Fupi: Hilo halihusiani na sarufi.

Chokochoko: Ndilo lenyewe hilo!

Kalamu Fupi: Haya, ni mimi. Lakini mimi ndiye niliyemuuguza miaka yote, wao walikuwa wanapiga simu tu. Na B kubwa nimeshaiweka, nakala sita ziko tayari. Jina la mtu si huanza na herufi kubwa?

Mja wa Mola: Ogopa dhuluma ndugu yangu. Cha wenzio hakikai tumboni.

Daftari: Jamani, tunachezewa. Barua yote herufi kubwa, na mleta uzi kwa bahati anaitwa Baraka? Huyu mwalimu anatunga maswali ya utata, sisi tunamfanyia kazi bure. Kama barua ipo, weka sentensi inayofuata. Upatanisho utasema kama ni mtu.

Kalamu Fupi: Ipo. BARAKA IKIONDOKA, NYUMBA IMEKWISHA.

Daftari: "Ikiondoka". Si "akiondoka".

Kalamu Fupi: Baba hakusoma sana. Kukosea herufi moja ni kitu gani?

Bibi Nukta: Na zile nakala sita zinasemaje hapo?

Kalamu Fupi: Nimesahihisha. Akiondoka.