Dunia inaishiwa maji kivipi na sisi Kigoma ziwa lipo hapa chini?

Mama Gungu
Mwakeye wadau. Naombeni msaada maana nimeulizwa swali na mtoto nikabaki nimeduwaa. Binti yangu yuko darasa la sita, juzi karudi na daftari anasema mwalimu kawaambia dunia inaishiwa maji baridi. Nikamjibu kwani mafriji yamekufa yote? Akanicheka, kumbe maji baridi ni haya yasiyo na chumvi, kama wanavyosema samaki wa maji baridi. Sasa akaniuliza mama mbona ziwa lile pale? Na kweli tulipokuwa tumesimama unaliona lote mpaka milima ya Kongo, na miguuni tuna madumu matano matupu, bomba siku ya nne halijatoa hata tone, namsubiri kijana wa guta aniletee dumu kwa mia tano.

Yani nimeshindwa kumjibu. Kama maji yanaisha mbona ziwa halipungui, tena mwaka 2024 lilipanda mpaka watu wa mwambao wakahama. Na kama hayaishi mbona mimi nayanunua? Au haya mambo ya uhaba ni ya huko jangwani sisi tunaunganishwa tu? Wenye elimu nisaidieni, na muandike kwa lugha ambayo naweza kumsomea mtoto.

Chuma Cha Mwisho wa Reli
Mwambie mwalimu aje Kibirizi nimpeleke na boti katikati ya ziwa usiku, akirudi aseme tena maji yameisha 😂😂

Mzee wa Chaki
Mama Gungu huyo binti muhifadhi vizuri, ana akili. Mimi nimefundisha jiografia miaka mingi sasa nimestaafu, ngoja nikupe njia niliyokuwa naitumia darasani.

Chukua dumu moja la lita 20, sema haya ndio maji yote ya dunia, na bahari humo humo. Karibu lote ni chumvi. Maji baridi ni nusu lita tu, yani ile chupa ndogo ya dukani. Usifurahi bado, maana katika hiyo nusu lita zaidi ya theluthi mbili ni barafu ya Antaktika na Grinilandi na milimani huko, hainyweki. Inayobaki karibu yote iko chini ya ardhi, mingine kina kirefu huwezi kuifikia. Ukitafuta maji ya maziwa yote yasiyo na chumvi duniani unapata kama robo ya kijiko cha chai. Umeona? Robo ya kijiko kutoka kwenye dumu. Mito ndio kabisa, ni unyevu tu kwenye kijiko.

Sasa hapa ndipo mtoto wako atafurahi. Hiyo robo ya kijiko ukiidondosha inatoka matone kama 25, na matone matano kati ya hayo ni ziwa Tanganyika. Sisi tumekaa juu ya mali. Kina mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal ya Urusi, maji yake ni kilomita za ujazo karibu 18,900. Nchi nne tunagawana, sisi, Kongo, Burundi na Zambia.

Kwaiyo mwalimu hajakosea, ila neno "kuisha" ndio linawachanganya watoto. Maji ya dunia hayapungui hata kidogo, yanazunguka tu, mvuke, mvua, mto, ziwa, tena mvuke. Kinachopungua ni maji masafi, mahali watu walipo, kwa wakati wanaoyahitaji, kwa bei wanayoimudu. Kimoja kikikosekana hapo wewe una uhaba hata kama umekaa kwenye mtumbwi.

Fundi Pampu
Mzee wa Chaki heshima yako mkuu, umemaliza upande wa dunia, mimi niongezee upande wa madumu matano ya mama hapo juu maana ndio kazi yangu ya kila siku.

Mama maji ni mazito kuliko watu wanavyodhani. Lita elfu moja ni tani nzima. Kuipandisha tani moja mita 100 juu unahitaji umeme karibu robo ya uniti, hiyo ni hesabu ya daftari, kwenye pampu halisi weka karibu nusu maana pampu inakula na bomba linasugua. Unaona ni kidogo, sasa zidisha kwa mji mzima, usiku na mchana, na mji wetu wote ni mlima, ukitoka bandarini kwenda juu wote mnajua magoti yanavyolia. Umeme ukikatika pampu inasimama, na pampu ikisimama masaa kadhaa yale matenki ya juu yanakauka, umeme ukirudi mabomba yanaanza kujaa kutoka chini kwaiyo wa chini wanaoga wa juu mnasikia upepo tu kwenye bomba puuuu. Ukiongeza mabomba ya zamani yanayovuja chini kwa chini, na watu wanaongezeka kila siku na mabomba ni yale yale, ndio unapata dumu la mia tano.

Wataalam wana majina mawili ya huu uhaba. Kuna uhaba wa maji yenyewe, mto umekauka kweli. Alafu kuna uhaba wa kiuchumi, maji yapo ila hakuna hela ya pampu, bomba, dawa na mafundi. Afrika yetu hii sehemu kubwa tuko kwenye huo wa pili. Mtoto aandike hivyo kwenye daftari.

Mnyamwezi wa Isevya
Nyie watu wa Kigoma mna bahati ya kulalamika huku mnaliona ziwa. Sisi Tabora tumekulia kwenye bwawa la Igombe na Kazima, kiangazi kikikaza wote tunatazama bwawa kama mtu anavyotazama mgonjwa. Saivi tunakunywa maji ya ziwa Victoria, yametandikwa kwenye bomba kupitia Shinyanga na Nzega mpaka huku. Watu huwa wanauliza kijiweni kwanini yaletwe kutoka Victoria na sio Tanganyika wakati reli ni moja. Nilikaa nikapiga hesabu mwenyewe nikaelewa. Ziwa lenu liko mita kama 770 juu ya bahari, Tabora tuko kama 1,200. Victoria iko 1,134. Yani kutoka kwenu ni kupandisha zaidi ya mita 400, kutoka Victoria ukiacha vilima vya katikati tofauti haifiki hata mia. Chukua ile hesabu ya fundi uone bili. Ziwa lenye maji mengi kuliko yote Afrika lakini liko shimoni!

Ila naomba nisikubaliane kidogo na mzee, anaposema maji yanazunguka tu mtu anaweza kulala usingizi. Kuna sehemu yanaisha kweli kwa maana ya kuisha. Bahari ya Aral kule Asia ya kati ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Kisovieti ikachepusha mito yake miwili ikamwagilie pamba, leo meli zimekaa mchangani. Ziwa Chad toka 1963 lilipungua kwa asilimia 90 hivi. Na hapa hapa kwetu mto Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima, toka 1993 unakatika kila kiangazi, viboko wanabanana kwenye dimbwi la tope, sababu kubwa ni maji kuchepushwa kwenye mashamba ya mpunga kule Usangu. Alafu yale ya chini ya ardhi ndio mabaya zaidi maana huyaoni. Jiji la Mexico wamevuta maji ya chini mpaka ardhi inatitia, kuna mitaa inashuka hadi nusu mita kwa mwaka. Yale maji mengine yamekaa chini maelfu ya miaka, ukiyavuta kwa miaka hamsini hayarudi kesho. Ni kama kula mtaji.

Na mlaji mkubwa sio mimi na wewe kuoga. Kilimo kinachukua kama asilimia 70 ya maji yote baridi binadamu anayovuta, viwanda vinafuata, majumbani ndio kidogo kabisa. Shati moja la pamba wanasema linakula lita 2,700 toka shambani mpaka dukani, ni madumu 135. Kilo ya nyama ya ng'ombe lita 15,000, madumu 750.

Chuma Cha Mwisho wa Reli
Madumu 750 kwa kilo moja ya nyama? Mkuu hapo umetupiga. Ng'ombe wa babu yangu hajawahi kunywa bomba tangu azaliwe, anakula majani ya pori na kunywa mtoni, sasa hayo madumu nani kamnunulia? Tule migebuka na dagaa basi, wenyewe wanaogelea bure.

Mnyamwezi wa Isevya
@Chuma hahaha uko sahihi na umekosea. Ile namba ni wastani wa dunia na sehemu kubwa ni mvua iliyonyesha kwenye majani anayokula ng'ombe, mvua ambayo ingenyesha tu hata bila ng'ombe. Ng'ombe wa babu yako hamnyang'anyi mtu maji. Ila ng'ombe anayelishwa majani ya kumwagiliwa kwa maji ya kisima jangwani huyo anakunywa ya wajukuu. Kwaiyo namba peke yake haitoshi, uliza maji yametoka wapi. Hata shati hivyo hivyo, pamba yetu ya kanda hii ni ya mvua, ya Aral ilikuwa ya kuchepusha mto.

Na kabla hujasema sisi watu wa Tabora tuko safi, hatuko safi. Tumbaku imekata miti sana kwa ajili ya kukaushia. Mlima ukiwa mtupu mvua ikija inakimbia na udongo mpaka bwawani, bwawa linajaa tope, mwaka unaofuata mnasema mvua haitoshi.

Dada Zahanati
Naona mnaongelea wingi tu. Mimi niko kwenye afya naomba niseme la ubora maana ndio linatuua.

Mwezi wa tano 2015 wakimbizi kutoka Burundi walikuja maelfu kwa maelfu pale Kagunga, kijiji kiko ufukweni kabisa, mbele ziwa nyuma mlima. Meli ya MV Liemba ilikuwa inawabeba kuleta mjini. Kikalipuka kipindupindu, watu wakafa kwa kuharisha wakiwa na ziwa zima la maji baridi mbele yao. Wanachota ziwani, wanaoga ziwani, na vyoo hakuna kwaiyo na huko ndio huko huko. Mama Gungu hilo mwambie binti yako, kiu unaweza kuwa nayo na maji yamekufika magotini. Dunia nzima watu zaidi ya bilioni 2 hawana maji ya kunywa yaliyo salama na ya uhakika nyumbani, na wapo kati yao wanaoishi karibu na mto au ziwa au dimbwi fulani, tatizo lao ni kilichomo ndani.

Na ziwa letu lina tabia yake watu hawaijui. Maji yanayoingia kutoka mito ya Malagarasi na Rusizi na mvua, sehemu kubwa yanatoka kwa kupanda kuwa mvuke, mto unaotoka ni Lukuga peke yake upande wa Kongo na haubebi mengi. Mvuke haubebi uchafu, uchafu unabaki. Alafu lile lina mita 1,470 lakini hewa ya oksijeni iko juu tu, ukishuka kama mita 100 au 200 hivi hakuna kitu, samaki hawakai. Kwaiyo ziwa tunaloishi nalo ni lile tabaka la juu, na ndio hilo hilo tunalotupia chupa, mafuta ya boti na maji ya vyoo. Mnanielewa jamani.

Mzee wa Chaki
Dada umenigusa. Na mnaosema ziwa halipungui nendeni pale Ujiji kwenye mnara wa Livingstone, walipokutana na Stanley 1871. Enzi hizo ziwa lilikuwa juu sana kuliko leo. Mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa, ukazibuka kama 1878, ziwa likashuka kama mita kumi ndani ya miaka kama kumi na tano tu, bila pampu ya mtu yeyote. Mwaka 2024 likapanda tena kwa mvua. Ziwa ni kiumbe hicho.

@Mnyamwezi nakubali sahihisho lako la Aral, ningekupa vema.

Mama Gungu
Asanteni sana nimemsomea yote. Ile ya matone matano kaipenda mno kachukua kijiko changu anadondosha sakafuni anahesabu, maji yenyewe nimenunua 🙄 Sasa kaja na lingine, anasema kama chumvi ndio nyingi kwanini wasichemshe bahari wakapata maji baridi mengi tu? Na anauliza hivi kuna mji umewahi kukaukiwa kabisa?

Fundi Pampu
Wanafanya mama. Saudia na nchi za Ghuba ndio maisha yao, ila siku hizi mitambo mingi mipya haichemshi, inayasukuma kwa nguvu kwenye chujio laini sana chumvi inabaki upande wa pili. Ni uniti kama 3 mpaka 4 kwa lita elfu moja. Rudi juu uangalie nimesema nini kuhusu kupandisha mlima wenu, robo au nusu uniti, na hiyo tu inatutoa jasho. Na ile chumvi iliyobaki lazima uitupe mahali, ukiirudisha baharini pale pale inaweza kudhuru viumbe wa humo.

Mji uliokaribia kukaukiwa, mwambie Cape Town ya Afrika Kusini 2018. Mvua zilikataa miaka mitatu mfululizo mabwawa yakashuka sana, kila mtu akapangiwa lita 50 kwa siku, madumu mawili na nusu, kupika kuoga kufua na choo humo humo. Walitangaziwa mpaka siku ya kufunga mabomba, wakabana matumizi na mvua ikawahi, mabomba hayakufungwa.

Mama Gungu
Lita 50 kwa kila mtu?? Sisi tuko sita humu ndani, hayo ni madumu 15 kwa siku. Leo nimenunua matano. Kwaiyo hao wa Cape Town kwenye shida yao walikuwa wananizidi mimi mara tatu?

Fundi Pampu
Ndio hivyo mama. Una simtanki?

Mama Gungu
Sina. Nina pipa la bluu la mawese nililolisuuza bado linanukia.

Fundi Pampu
Lioshe na majivu na maji ya moto mara mbili tatu, uweke mfuniko. Usiku wa saa nane huko juu kwenu huwa yanatoka kidogo watu wakiwa wamelala. Acha bomba wazi na mpira ndani ya pipa, utasikia.