Binti yangu ameacha nyama na samaki, na riziki ya nyumba yetu ni samaki: naomba ushauri wa jikoni

Mama wa Nyasaka

Habari zenu wanajukwaa, na wakubwa wote shikamooni. Ninaishi Nyasaka, wilayani Ilemela, Mwanza, na mume wangu anafanya biashara ya samaki na dagaa pale mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo kitoweo cha nyumbani kwetu kinajulikana hata kabla sijawasha jiko. Tunaishi na mama mkwe wangu, mwenyeji wa Magu, pamoja na watoto watatu. Binti yetu mkubwa ana miaka 16 na anasoma shule ya bweni. Aliporudi likizo alituambia kwamba hali tena nyama, kuku wala samaki, na sababu aliyoitoa ni moja tu, kwamba moyo wake haumruhusu tena kula kiumbe kilichouawa kwa ajili yake. Hakusema kwa jeuri. Alituomba tumwelewe, na baba yake amekubali ingawa kwa shingo upande.

Shida yangu ya kwanza ni ya jikoni. Napika mboga mbili kila mlo, mkaa unakwisha upesi, na mboga ya binti mara nyingi inaishia kuwa mchicha au kabichi ya kukaanga, ambayo haimshibishi. Saa kumi jioni tayari anatafuta kitu cha kutafuna. Shida ya pili ni bibi yao. Anaamini kwa dhati kwamba mtoto asiyekula samaki atapungukiwa damu, na wiki iliyopita alitwanga dagaa wakawa unga, akauchanganya kwenye mchuzi wa karanga bila kumwambia mtu. Binti aliitambua harufu kwenye tonge la kwanza, akasukuma sahani, na tangu siku hiyo ananusa kila chakula kabla ya kula. Bibi naye anajiona amedharauliwa mbele ya wajukuu.

Naomba mnisaidie: nipikeje chungu kimoja kitakachotosha watu wote, na nizungumzeje na mama mkwe bila kumvunjia heshima?

Mhudumu wa Lishe

Pole dada, na hongera kwa kumsikiliza mtoto. Kabla sijasema lolote, naomba unijibu jambo moja, kwa sababu ushauri wote unategemea hilo: binti anatumia maziwa na mayai, au ameviacha navyo?

Mama wa Nyasaka

Ahsante dada. Maziwa anakunywa, hasa ya mgando, anayapenda sana. Mayai anakula yakiwa yamechanganywa kwenye chapati za maji au maandazi, lakini yai la kukaanga peke yake halipendi.

Mzee wa Igogo

Binti yangu, mimi nitasema tofauti kidogo. Nimelea watoto wengi, wangu na wa ndugu, na nyumbani kwangu mtoto alikula kilichopikwa, kwa kuwa chakula cha familia kinaliwa pamoja na kuna watoto mtaani wanaolala na njaa. Ukimfungulia huyu mlango wa kuchagua, wadogo zake watafuata, na mwisho utakuwa unapika vyungu vitano. Sisemi umpige wala umlazimishe. Nasema tu kwamba mezani pana utaratibu wake.

Mhudumu wa Lishe

Shikamoo mzee. Neno lako juu ya kula pamoja nalichukua, na naamini wengine hapa wataonyesha jinsi ya kulilinda. Lakini binti wa miaka 16 anayeacha chakula kwa sababu ya dhamiri, halafu akalazimishwa, mara nyingi huishia kula kidogo sana, na hapo ndipo afya inapoharibika.

Dada, kwa kuwa anakunywa maziwa, hofu kubwa imepungua. Vitamini B12 haipatikani katika mimea. Ipo katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu aliyeacha vyote hivyo analazimika kutumia vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, lakini wako anaweza kuipata kwa maziwa ya kila siku na mayai ya mara kwa mara, hata yakiwa ndani ya chapati. Maziwa hayo yatamsaidia pia kwa upande wa mifupa, maana dagaa tunawala na mifupa yao, na anayewaacha anapoteza madini mengi ya kalsiamu bila kutambua.

Kuhusu protini msiwe na wasiwasi mkubwa. Gramu 100 za maharage makavu zina protini zaidi ya gramu 20, karanga zina takriban gramu 25, na soya inapita gramu 35. Mahindi na mtama vina upungufu wa aina fulani ya protini ambayo jamii ya kunde inayo kwa wingi, kwa hiyo ugali kwa maharage, au kande, ni mlo unaojikamilisha wenyewe. Tatizo la kabichi ya kukaanga ni kwamba haina protini ya maana, ndiyo sababu binti anasikia njaa saa kumi.

Linalonigusa zaidi ni damu, na hapa bibi hajakosea kuuliza. Msichana anayepata hedhi anahitaji madini ya chuma kwa wingi, na chuma cha kwenye maharage na majani hakifyonzwi mwilini kwa urahisi kama cha nyama na samaki. Njia ya kukisaidia ni vitamini C katika mlo huohuo: kachumbari ya nyanya mbichi yenye ndimu, au chungwa au pera mara baada ya kula. Njia ya kukizuia ni chai. Familia nyingi hapa Mwanza hushushia chakula kwa chai ya rangi, na chai hiyo hunyima mwili sehemu kubwa ya chuma kilichomo kwenye mlo. Isogezeni mbele, inywewe saa moja au zaidi baada ya kula. Punguzeni pia magadi kwenye mlenda na maharage, kwa kuwa magadi yanalainisha haraka lakini yanaua vitamini. Halafu, kabla hajarudi shule, mpelekeni kituo cha afya akapimwe wingi wa damu. Kwa umri wake, kipimo kikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa ni upungufu, na hapo mtaalamu ndiye atakayeamua la kufanya. Mkienda, bibi aende naye, ayasikie majibu kwa masikio yake.

Mpishi wa Mabatini

Habari za leo mama. Mimi ni mama lishe, na wateja wangu wengi ni Waadventista wa Sabato, ambao baadhi yao hawali nyama kabisa, kwa hiyo jambo hili ninalipika kila siku. Siri yake ni mpangilio. Usipike mboga ya binti halafu mboga ya familia. Pika mboga moja kubwa isiyo na samaki, ambayo kila mtu ataila, halafu samaki akaangwe pembeni awekwe kwenye sahani yake, amchukue anayemtaka. Kwa njia hiyo samaki anakuwa nyongeza na mboga inakuwa ya wote, na mzee wa Igogo atakuta watu wote wamezunguka chungu kimoja.

Zipo hatua mbili zinazoharibu mpango huu. Kwanza ni mafuta: mafuta yaliyokaangia sato au sangara yasiungie mboga ya wote, hata kama unaona ni hasara kuyaweka kando, kwa sababu harufu yake haifichiki na binti atajiona amedanganywa tena. Yatunze kwenye chupa yake kwa ajili ya samaki wa kesho. Pili ni upawa na mwiko. Kila sufuria iwe na wake.

Sasa ladha. Watu wanalalamika kwamba mboga bila dagaa inapooza, na wana haki kama imeungwa kwa haraka. Chukua vitunguu vitatu vikubwa, vikate vyembamba, vikaange kwa moto mdogo mpaka viwe rangi ya kahawia iliyokolea, usiishie kwenye rangi ya dhahabu. Tia kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, kisha nyanya, na hapo uwe na subira: nyanya zikaushwe mpaka mafuta yajitenge na kuonekana pembeni mwa sufuria. Ndipo utie choroko au dengu zilizokwisha kuiva pamoja na supu yake kidogo. Ponda upawa mmoja au miwili ya hizo choroko ubavuni mwa sufuria ili mchuzi uwe mzito wenyewe. Mwisho tia karanga zilizokaangwa na kutwangwa, koroga chini kwa sababu zinashika upesi, na acha zichemke mpaka harufu ya ubichi iishe. Nazi huku kwetu inasafiri kutoka pwani na bei yake inapanda njiani. Karanga ndiyo nazi ya Kanda ya Ziwa. Kwa siku ya mboga nzito zaidi, tafuta uyoga wa mamama, ule unaolimwa. Uukaange peke yake bila maji mpaka unyevu wake ukauke, ndipo uuchanganye na kitunguu. Uyoga wa porini usiuguse kama huna mtu anayeujua kwa hakika.

Kuhusu mkaa: loweka maharage usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, chemsha sufuria kubwa mara moja, kisha ugawe kwenye vyombo vya mlo wa leo na wa kesho. Mimi nayachemsha mpaka yawe nusu ya kuiva, halafu nafunika sufuria na kuizika kwenye kapu nililolijaza nguo kuukuu, na kufika mchana yamelainika bila moto. Lakini maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 na zaidi kabla ya kuingia kwenye kapu, kwa kuwa yana sumu inayoondolewa na mchemko mkali tu.

Na karanga zichambueni. Iliyoota ukungu, iliyosinyaa au chungu itupwe, isitwangwe pamoja na nzima, kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga nazo hushambuliwa vilevile.

Mjukuu wa Misungwi

Dada, mimi nizungumzie bibi tu, kwa sababu nadhani ufunguo wa nyumba hii anao yeye. Bibi wa Magu anajua mapishi yasiyo na samaki kuliko sisi sote. Mwombe akufundishe nsansa, yale majani ya mgagani yaliyokaushwa, yapikwe kwa karanga na maziwa. Mwombe mlenda, majani ya kunde, njugu mawe za kuchemsha, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, inayopikwa na kupondwa na maharage, au matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, kwa maziwa ya mgando asubuhi. Ukifanya hivyo hujampokonya jiko, umemrudishia. Naye mjukuu akae hapo jikoni achambue na kutwanga, ili bibi aone kwamba mtoto huyu hajakataa chakula cha kwao.

Ukipata nafasi nzuri, mkumbushe pia kwamba sangara wenyewe waliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na walienea sana kuanzia miaka ya 1980. Bibi zake walilea watoto bila sangara. Sisemi hawakula samaki. Walikula sato, ningu na furu, na wenye mifugo walikula nyama siku za sherehe. Lakini kwa familia nyingi zilizo mbali na maji, siku za kawaida zilikuwa za majani, kunde na maziwa, na yeye amezishuhudia.

Kuhusu ule unga wa dagaa, ningeshauri mumeo ndiye amwambie mama yake, kwa upole na faraghani, kwamba nia yake ilikuwa njema ila mtoto sasa anaogopa kula nyumbani. Neno hilo likitoka kwa mkwe linachoma. Likitoka kwa mwana linasikika.

Mzee wa Igogo

Marahaba mwanangu. Hilo la chungu kimoja na samaki pembeni nimelielewa, na halivunji utaratibu wowote. Nilidhani mnamtengea mtoto meza yake. Nami naunga mkono kwamba mume ndiye azungumze na mama yake.

Mama wa Nyasaka

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Mume wangu amesoma majibu haya pamoja nami na amesema atazungumza na mama kesho atakaporudi kutoka mwaloni. Mimi leo nimeloweka choroko, na bibi alipoulizwa habari za nsansa alinieleza kirefu sana, mpaka na jinsi ya kuyaanika majani kivulini. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kisamvu kwetu tumezoea kukipika na dagaa. Je, bila dagaa kitafaa kweli? Na binti akirudi bweni, naweza kumfungia unga wa uji wenye soya?

Mpishi wa Mabatini

Kisamvu kinafaa sana. Kitwange mpaka kilainike kabisa, kichemshe muda mrefu bila kukifunika ili sumu yake itoke na mvuke, na kabla hakijakauka tia karanga zilizotwangwa na nyanya chungu mbili au tatu zilizopasuliwa. Hizo ndizo zitakazokipa ule ukali mdogo uliozoea kuupata kwenye dagaa. Kitunguu kikaangwe pembeni kama nilivyoeleza, kimiminwe juu mwishoni.

Soya ya uji usiisage mbichi, kwa kuwa mbichi huzuia tumbo kusaga protini. Ichemshe nusu saa, imenye maganda, ianike mpaka ikauke kabisa, ndipo uikaange kidogo na kuipeleka mashineni pamoja na mtama au mahindi. Weka soya kikombe kimoja kwa vikombe vitatu au vinne vya nafaka, kwani ikizidi uji unakuwa na harufu ambayo wasichana wa bweni hawataivumilia. Usisage mwingi kwa mara moja. Unga wenye soya una mafuta, na ukikaa sana kwenye sanduku unachacha.