Tupeane uzoefu: Kuunda fremu ya baiskeli nyumbani kwa vifaa vya kawaida

Tupa na Jiriwa (Morogoro), mleta mada

Wakuu, salamu kwenu nyote. Ninafungua mada hii kwa ajili ya wale waliowahi kuunda fremu ya baiskeli nyumbani kwa mikono yao, iwe ya chuma au ya mianzi, bila karakana kubwa wala mashine za kiwandani. Sikusudii kuongeza keria au kubadilisha usukani. Nakusudia kuanza na mabomba matupu na kumaliza na fremu inayobeba mtu barabarani kwa usalama. Kila mwenye uzoefu aeleze alitumia nini na alipima vipi.

Nianze mimi. Vifaa vyangu ni jiriwa iliyofungwa imara kwenye meza, msumeno wa chuma, tupa bapa na tupa ya nusu duara, drili, rula ya chuma, kipimapembe, timazi na uzi wa waashi. Moto nakodi kwa fundi jirani mwenye mitungi ya gesi. Watu wengi huniuliza kwanza habari za kuchomelea, nami huwajibu kwamba ubora wa fremu huwa umeshaamuliwa kabla moto haujawashwa, katika mchoro na katika tupa.

Mimi huchora baiskeli nzima kwa ukubwa wake halisi juu ya bao la plaiwudi. Foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, huinunua kwanza ikiwa imetengenezwa tayari, kwa sababu urefu wake ndio unaoamua bomba la stelingi (bomba fupi la mbele ambamo usukani huzunguka) litakaa juu kiasi gani, na anayeanza na mabomba kisha akatafuta foku baadaye hujikuta na baiskeli iliyoinama mbele au iliyonyanyua pua. Baada ya hapo huchora mstari wa ekseli mbili za magurudumu, nafasi ya ekseli ya pedali, kisha bomba la kiti. Baiskeli za mwendo huwa na bomba la kiti lililosimama karibu nyuzi 73, na baiskeli zetu kubwa za mizigo za magurudumu ya inchi 28 hulala zaidi, kati ya nyuzi 66 na 68, ndiyo maana zinamkalisha mtu wima na zinatulia kwenye barabara ya vumbi.

Kitu kimoja sitengenezi nyumbani: bomba fupi linalobeba ekseli ya pedali. Ndani yake kuna hesi, tena upande wa cheni hesi zake hugeuzwa kinyume ili kikombe kinachoshika gololi za ekseli kisifunguke chenyewe kwa mwendo wa pedali. Hulikata kutoka fremu iliyokufa na kusafisha mabaki kwa tupa. Tahadhari yangu ni kwamba lichukuliwe pamoja na vikombe vyake vyenyewe. Hesi iliyoenea zaidi ina meno 24 kwa inchi moja, lakini Raleigh za zamani zilizotoka Nottingham zina meno 26, na vikombe vya huku havikubali kule hata kama macho yanaona vinalingana.

Mabomba huunganishwa kwa kukata ncha ya bomba moja iwe na umbo la mviringo wa bomba linalopokea. Huchora mkato huo kwenye karatasi, huizungushia bombani, hukata kwa msumeno upande wa nje wa mstari, kisha humalizia na tupa ya nusu duara taratibu hadi mabomba mawili yakigusana mwanga usipenye. Kazi hii inachosha, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Karibuni.

Mtungi Mwekundu (Kisumu)

Asante sana mleta mada. Mimi ni fundi wa gesi, nami nimeunda fremu kadhaa za kubebea mizigo kwenye ua wa nyumba yetu, hivyo nizungumzie moto.

Watu wengi wana mashine ya umeme ya kuchomelea milango na madirisha, na hufikiri itatosha. Bomba la baiskeli lina unene wa karibu milimita 1, na fimbo ya kawaida ya kuchomelea ya milimita 2.5 hulitoboa mara moja. Mtu akipunguza umeme ili asitoboe, chuma hakishikani kwa ndani; kwa nje unaona mshono mzuri, kumbe umelala juu tu. Kwa sababu hiyo mimi hutumia brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, inayoyeyushwa kuunganisha chuma. Baiskeli zilizotulea, Raleigh za Uingereza, Hero za Ludhiana na Phoenix za Shanghai, nazo mabomba yake yaliingizwa kwenye soketi na kuunganishwa kwa brasi, na zipo ambazo zimebeba magunia kwa miaka mingi bila kuachia.

Brasi huyeyuka karibu na nyuzi 900 za selsiasi ilhali chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, kwa hiyo bomba lenyewe haliyeyuki. Unasugua viungo hadi chuma king'ae, unapaka boraksi iliyokorogwa kwa maji, unapasha sehemu zote mbili kwa pamoja hadi ziwe na wekundu wa wazi, kisha unagusisha fimbo. Brasi ikitiririka yenyewe na kuzunguka kiungo, ujue joto limetosha. Ikijikusanya kama tone na kukataa kusambaa, chuma bado ni baridi au ni kichafu. Ukiona moshi mweupe, umezidisha moto na zinki iliyomo kwenye brasi inaungua. Moshi huo ni hatari kwa mapafu, na kazi hii yote ifanyike nje penye upepo.

Jambo jingine ambalo wanaojifunza hawaambiwi ni matundu ya hewa. Bomba lililozibwa pande zote mbili likipashwa, hewa ya ndani hutanuka, husukuma brasi itoke kwenye kiungo, na bomba linaweza hata kupasuka. Toboa tundu la milimita 3 kwa kila bomba, mahali patakapofichwa na kiungo. Usimwagie maji kiungo cha moto. Kiache kipoe chenyewe. Boraksi iliyoganda kama kioo huondoka kwa kulowekwa kwenye maji ya moto.

Swali la Singida

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, je, bomba la maji haliwezi kutumika? Huku kwetu ndilo linalopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi.

Tupa na Jiriwa (Morogoro), mleta mada

Marahaba, ndugu yangu. Haliwezi kukufaa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni zinki iliyopakwa juu yake, ambayo ukiipasha hutoa moshi uleule aliouonya ndugu wa Kisumu, tena kwa wingi zaidi. Ya pili ni uzito. Bomba la maji la robo tatu inchi lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 27 na unene wa kama milimita 2.6, na mita moja ya bomba hilo ni karibu kilo 1.56. Bomba jeusi la fanicha la inchi moja lenye unene wa milimita 1.2 ni karibu gramu 716 kwa mita. Pembetatu ya mbele hutumia chini kidogo ya mita 2 za bomba, kwa hiyo tofauti hapo pekee inazidi kilo moja na nusu.

Unene huo wote haukupi ugumu unaoudhania. Kinacholifanya bomba lisipinde ni upana wake zaidi kuliko unene wa ukuta, na ndiyo maana viwanda hutumia mabomba mapana yenye kuta nyembamba. Tafuta bomba jeusi la fanicha, au mabomba ya fremu za zamani ambazo hazijaliwa na kutu kwa ndani. Gonga kwa funguo ukisikiliza, kisha chungulia kwa tochi.

Mzee wa Gerezani (Dar es Salaam)

Vijana wangu, mmezungumza vizuri, lakini hamjagusa unyoofu, na fremu isiyonyooka haiendesheki hata viungo vyake vikiwa vizuri namna gani. Mtu akiachia usukani baiskeli inavuta upande, cheni inalia, matairi yanaisha upande mmoja.

Uzi unatosha kupima. Funga ncha moja kwenye sikio la nyuma linaloshika ekseli, upitishe mbele kuzunguka bomba la stelingi, uurudishe hadi sikio la upande wa pili, uukaze. Sasa pima nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikiwa sawa, nyuma na mbele vinatazamana. Zikitofautiana kwa milimita 4, bomba la kiti limetoka katikati kwa milimita 2, maana kinachoongezeka upande mmoja kinapungua upande mwingine. Mimi sikubali tofauti inayozidi milimita 2.

Uzi hauoni kila kitu. Bomba la stelingi linaweza kuwa katikati kabisa lakini limejipinda, ncha ya juu imeelekea kulia na ya chini kushoto, na uzi usiseme neno. Ingiza nondo ndefu iliyonyooka ndani ya bomba la stelingi na nyingine ndani ya bomba la kiti, uzibane kwa kabari za mti zikae katikati, kisha simama mbele ya fremu ufumbe jicho moja. Nondo ya mbele inapaswa kuifunika ya nyuma kutoka juu hadi chini. Ikiivuka kama mkasi, kuna msokoto. Kwa kipimo hiki jicho la mtu ni kali kuliko rula.

Tena msisubiri kupima mwishoni. Shika viungo kwa nukta ndogo za brasi kwanza, pima, rekebisha, pima tena, ndipo ujaze. Wakati wa kujaza, ruka kutoka kiungo kimoja kwenda cha mbali na ubadilishe pande, kwa sababu chuma hukimbilia upande uliopashwa mwisho kinapopoa. Nafasi ya masikio ya nyuma ishikiliwe muda wote na ekseli ya zamani yenye nati nne. Kwa haba (kitovu cha gurudumu) ya gia nyingi ya baiskeli za mlimani za zamani nafasi hiyo mara nyingi ni milimita 135. Kwa haba nyingine mtu apime yake mwenyewe, asikisie.

Binti Kalenga (Iringa)

Shikamoo Mzee wa Gerezani. Kipimo chako cha nondo nimekiandika, kwa sababu hata sisi wa mianzi tunakihitaji.

Mimi sina mitungi ya gesi, kwa hiyo niliunda fremu yangu kwa mianzi. Si jambo la ajabu: huko California, Craig Calfee alianza kuunda baiskeli za mianzi miaka ya 1990, na nchini Ghana wapo vijana wanaoishi kwa kazi hiyo. Huku kwetu mianzi ipo kwa ajili ya ulanzi (pombe ya mianzi), lakini mashina yaliyokatwa kwa kugema hayanifai. Nilimwomba jirani aniachie yasiyoguswa, yaliyokomaa zaidi ya miaka 3. Niliyachagua yenye kipenyo cha karibu milimita 40 kwa mabomba makuu na karibu nusu yake kwa miguu ya nyuma, yaani mabomba membamba yanayofika kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma.

Adui wa mwanzi ni mdudu na haraka. Wadudu hufuata wanga ulioko ndani, nao huzuiwa kwa kuloweka mianzi kwenye maji yenye boraksi, ileile ya ndugu wa Kisumu. Baadaye ikauke kivulini kwa miezi, kamwe isianikwe juani, kwa sababu ikikauka kwa haraka hupasuka kwa urefu. Ufa mmoja unatosha kuukataa mwanzi.

Bomba la stelingi, la ekseli ya pedali na masikio ya nyuma vinabaki kuwa vya chuma, vikikwaruzwa kwa msasa ili gundi ishike. Mianzi nilifungia kwenye bao la plaiwudi kwa vipande vya mbao na skrubu, nikaunganisha viungo kwa katani iliyolowekwa kwenye epoksi, nikizungusha tabaka juu ya tabaka kwa kupishanisha. Kabla epoksi haijaganda, viungo hukazwa kwa vipande virefu vya tyubu ya baiskeli, ambavyo huiminya katani na kutoa gundi iliyozidi pamoja na hewa. Bila kuminywa huko, kiungo hubaki na mapovu na hakina nguvu. Mwisho ni msasa na vanishi tabaka kadhaa, kwa sababu jua na maji ya mvua huichosha fremu kuliko mizigo.

Swali la Singida

Nawashukuru sana wote. Swali langu la mwisho: nikishamaliza, nitajuaje kwamba fremu inaaminika kabla sijampakia mwanangu?

Mtungi Mwekundu (Kisumu)

Usipake rangi nzito mwanzoni. Paka rangi nyeupe tabaka moja jembamba, kwa sababu ufa mdogo huonekana juu yake kama unywele mweusi. Kwanza funga mzigo wenye uzito wako nyuma, uisukume baiskeli kwa miguu kwenye njia ya mawe, kisha uiendeshe wewe peke yako kwa wiki kadhaa ukikaa karibu na nyumbani. Kila jioni kagua mahali pawili kabla ya pengine popote: chini ya bomba la chini, nyuma tu ya kiungo cha stelingi, kwa kuwa kila shimo la barabarani huvuta hapo, na miguu ya nyuma karibu na ekseli ya pedali, ambako nguvu ya kukanyaga hupita. Rudia kipimo cha uzi baada ya wiki ya kwanza, na ulinganishe na vipimo ulivyoandika siku uliyomaliza. Ukikuta namba zimehama, au mstari mweusi umetokea, kata kiungo hicho ukiunde upya. Usikiongezee brasi juu.