HMS Conqueror: kwa nini topido za kizamani?

Fundi_Raskazone: Shikamooni wakubwa. Mimi fundi wa kuchomelea, natengeneza boti hapa Tanga. Tundu la sindano kwenye mshono linatosha kuingiza maji, na boti yenyewe inaelea juu! Hii HMS Conqueror, nyambizi ya nyuklia ya Uingereza, ilijengwa wapi? Na 1982, kwenye vita vya Uingereza na Argentina vya visiwa vya Falklands, kwa nini ilirusha topido (makombora yanayokwenda chini ya maji) za zamani?

Baharia_Mstaafu: Marahaba mwanangu. Ilijengwa na Cammell Laird, Birkenhead, Uingereza. Ikashushwa majini Agosti 1969, ikaanza kazi Novemba 1971. Kinu cha nyuklia kinachemsha maji, mvuke unaendesha mitambo ya rafadha (propela). Haivuti hewa kama dizeli, ndiyo maana inakaa chini wiki nyingi.

Topido ilibeba aina mbili. Tigerfish ilikuwa mpya, ya kuongozwa kwa waya, ila haikuaminika. Mark 8, ya tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, inakwenda moja kwa moja na baruti yake ni nzito zaidi. Kamanda Chris Wreford-Brown akachagua Mark 8. Tarehe 2 Mei alirusha tatu, mbili zikaipiga meli ya kivita General Belgrano ya Argentina, ikazama. Watu 323 walikufa. Nikiwaza mabaharia wale kwenye baridi ile, roho inaniuma.

Mama_Chumbageni: Belgrano nayo ilikuwa ya Marekani, USS Phoenix. Ilinusurika Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor 1941! Conqueror ilistaafu 1990.

Fundi_Raskazone: Ahsanteni sana. Na mishono waliikaguaje?

Baharia_Mstaafu: Mishono ya nyambizi hupigwa eksirei, fundi. Yenye kasoro inakatwa, inachomelewa upya.